Faili la Jumatatu: mafunzo ya kompyuta kazini yanapaswa kuanzia wapi

Semina nyingi za kompyuta kwa wafanyakazi hapa Mwanza zina ratiba ileile. Siku tatu ukumbini, projekta ukutani; siku ya kwanza sehemu za kompyuta, ya pili Word, ya tatu Excel na PowerPoint, kisha vyeti na picha ya pamoja. Jumatatu karani anarudi mezani, anafungua jedwali lilelile la mwezi uliopita, anajumlisha kwa kikokotoo cha simu na kuandika jumla kwa mkono kwenye seli ya chini. Si kwamba amesahau. Alichofundishwa hakikuligusa jedwali lake.

Hoja yangu ni moja. Mafunzo ya kompyuta kazini yaanze na faili ambalo ofisi italifungua Jumatatu, tena yaanze na makosa yaliyomo ndani ya faili hilo. Menyu mtu atazijua akiwa njiani kuyarekebisha. Utafiti wa miaka arobaini unaiunga mkono hoja hii, ingawa kuna eneo la utafiti huohuo linalotuhusu sana sisi wa Kanda ya Ziwa na ambalo halijaguswa vya kutosha. Nitafika huko. Kwanza faili.

Kazi inaanza wiki moja kabla

Kabla ya kuandaa somo lolote, omba ofisi ikupe nakala za mafaili matatu inayoyatumia zaidi. Kwa kawaida yatakuwa orodha ya watumishi au wanachama, kumbukumbu za mapato na malipo, na mahudhurio. Mkuu wa ofisi awe na habari. Kaa nayo ukitafuta mambo manne tu: namba zilizogeuka maandishi, tarehe zilizopinduka, namba ndefu zilizoharibika, na jumla zilizoandikwa kwa mkono mahali pa fomula.

Kuligundua lile la kwanza ni rahisi. Chagua kolamu, ondoa mpangilio wa kushoto, kati au kulia uliowekwa na mtu, kisha angalia. Excel yenyewe hupeleka namba kulia na maandishi kushoto. Seli iliyobaki kushoto katikati ya kolamu ya fedha ni maandishi, na SUM itairuka bila kusema neno.

Hapa kwetu chanzo kikubwa cha tatizo hili ni alama ya /=. Tumezoea kuandika 5,000/= kwenye risiti na madaftari, na mkono unaendeleza mazoea hayo kwenye kibodi. Kwa Excel hayo ni maandishi. Mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, akiingiza mauzo kwenye mistari thelathini, na minne kati yake ikawa na /=, jumla itakosa mistari hiyo minne na hakuna atakayeambiwa. Ni vivyo hivyo kwa "kg 50" na "gunia 12".

Dawa yake ina sehemu mbili. Kwanza kusafisha: chagua kolamu, bonyeza Ctrl+H, kwenye "Find what" andika /=, kwenye "Replace with" acha wazi, bofya "Replace All". Kama kolamu haikuwekwa kuwa Text, zilizosafishwa zitahamia kulia zenyewe. Pili, mpe mtu alama anayoipenda bila kuiharibu namba: Ctrl+1, Number, Custom, kisha kwenye kisanduku cha Type andika #,##0"/=" na ubofye OK. Sasa akiandika 5000 ataona 5,000/=, na ndani ya seli imebaki namba safi. Sehemu hii ya pili ndiyo inayodumu. Ukimkataza tu mtu asiandike /= bila kumpa njia nyingine, baada ya wiki mbili atakuwa amerudia.

Kipimo kihamie kwenye kichwa cha kolamu. Na kama kolamu moja ina kilo, debe na gunia kwa pamoja, isijumlishwe kabisa mpaka ofisi ikubaliane gunia lao lina kilo ngapi, maana magunia ya dagaa hayana uzito mmoja.

Kolamu ya NIDA

Hili nalipa nafasi kubwa kwa sababu madhara yake hayarekebishiki, na kwa sababu sasa karibu kila orodha ya watu ina kolamu hii.

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba yoyote. Zinazozidi inazigeuza sifuri. Karani akiandika namba ya NIDA bila vistari kwenye seli ya kawaida, anaona kitu kama 1.99001E+19. Anadhani kolamu ni nyembamba. Anaipanua, anaigeuza kuwa Number, na tarakimu zote 20 zinajitokeza. Hapo ndipo penye hatari: namba inaonekana kamili, kumbe tano za mwisho zimekuwa sifuri. Hakuna kitufe cha kuzirudisha. Kuigeuza kolamu kuwa Text baada ya hapo ni kuzihifadhi hizo sifuri. Itabidi kurudi kwenye fomu ya karatasi au kwa mwenye kitambulisho mwenyewe.

Kwa hiyo Text iwekwe kabla ya namba ya kwanza kuandikwa: chagua kolamu nzima, Ctrl+1, Number, Text, OK. Kisha weka sharti. Tuseme namba ziko kolamu B kuanzia mstari wa pili: chagua seli hizo, nenda Data, Data Validation, kwenye Allow chagua Custom, na uandike =AND(ISTEXT(B2),LEN(B2)=20). Wengi huweka sharti la urefu peke yake, na halitoshi, kwa sababu namba iliyoharibika nayo ina urefu wa 20. ISTEXT ndiyo inayoikataa. Wafundishe pia kwamba sharti hili linaangalia kinachoandikwa kwa kibodi. Kilichobandikwa kwa Ctrl+V kinapita bila kuulizwa.

Wako wanaoandika na vistari kama vilivyo kwenye kitambulisho. Hilo linaikinga namba, kwa kuwa Excel huiona ni maandishi. Shida inakuja makarani wanapokuwa wawili, mmoja anaweka vistari na mwenzake haweki. VLOOKUP ikitakiwa kuoanisha orodha ya wanachama na orodha ya malipo, itatoa #N/A kwa mtu ambaye yumo kwenye zote mbili. Ofisi ichague mtindo mmoja na kuusimamia. Mwenye orodha iliyochanganyika aweke kolamu ya pembeni yenye =SUBSTITUTE(B2,"-","") na kuitumia hiyo kuoanisha.

Kuna mtego mwingine ambao hata wahasibu wazoefu hawaujui. Kolamu ikiwa Text na namba zote zikiwa sahihi, mtu anayetafuta majina yaliyojirudia kwa =COUNTIF(B:B,B2) anaweza kuambiwa kwamba watu wawili tofauti ni mmoja. COUNTIF huyageuza maandishi yanayofanana na namba kuwa namba kabla ya kulinganisha, na hapo inarudi kwenye tarakimu 15. Namba ya NIDA huanza na tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo waliozaliwa siku moja tayari wanafanana tarakimu nane za mwanzo, na hawahitaji kufanana zaidi sana kufikisha 15. Rangi za "Duplicate Values" zina kasoro hiyohiyo. Tumia =COUNTIF(B:B,B2&"*"), ambapo kinyota kinailazimisha Excel kulinganisha maandishi. Fikiria mwanachama wa SACCOS anayeondolewa kwenye orodha kwa sababu kompyuta ilimwona ni marudio ya mwenzake.

Njia ya mwisho ambayo kolamu hii huharibikia ni mafaili ya CSV (data za maandishi matupu zilizotenganishwa kwa koma) yanayopakuliwa kutoka kwenye mifumo. Ukilibofya mara mbili, Excel inalifungua na kuzikata namba zote papo hapo, pamoja na kuondoa sifuri ya mwanzo ya namba za simu. Ukilisevu tu, umeua nakala nzuri. Badala yake fungua jedwali tupu, nenda Data, From Text/CSV, chagua faili, na kwenye dirisha la uingizaji iambie kolamu hiyo ni Text kabla ya kupakia.

Saa mbili, na tarehe tatu

Ofisi zetu huandika muda kwa saa za Kiswahili. Mlinzi akiandika 2:00 kwenye daftari la mahudhurio anamaanisha saa mbili asubuhi. Karani anaiingiza hivyohivyo, na kompyuta inasoma saa nane usiku. Muda wa kazi kutoka 2:00 hadi 9:00 bado utatoka saa saba, hivyo hakuna anayeshtuka. Tatizo linajitokeza kwa aliyeingia saa 12:00 asubuhi na kutoka 8:00 mchana: Excel inatoa kumi na mbili kwenye nane, inapata hasi, na kujaza seli alama za ####. Wengi hupanua kolamu bila mafanikio. Suluhisho ni makubaliano ya ofisi kwamba kwenye kompyuta muda unaandikwa kwa saa 24, yaani 06:00 na 14:00, na karatasi ndogo ya kubadilishia ibandikwe pembeni ya skrini. Kwa mizigo inayoshuka bandarini au samaki wanaopokelewa kiwandani alfajiri, tofauti ya saa sita kwenye kumbukumbu si jambo dogo.

Tarehe nazo: kompyuta nyingi huja zikiwa na mpangilio wa Marekani, mwezi kwanza. Ukiandika 03/07/2024 ukimaanisha tarehe 3 Julai, inahifadhi 7 Machi. Ukiandika 25/07/2024 inashindwa, kwa sababu hakuna mwezi wa 25, inaiacha kama maandishi. Kwa hiyo kolamu moja inakuwa na siku 12 za mwanzo wa mwezi zilizopinduka na nyingine ambazo si tarehe kabisa. Dalili: chuja ripoti ya Julai kwa mwezi, ukaona Januari hadi Desemba. Badilisha mpangilio kwenye Control Panel, Region, uweke English (United Kingdom), lakini ujue kwamba zilizokwisha pinduka hazitajirekebisha. Mpaka kompyuta zote ziwe sawa, tarehe iandikwe 3-Jul-2024, maana jina la mwezi halina utata.

Umeme

Umeme hukatika bila taarifa, kwa hiyo fundisha Ctrl+S, ya kusevu, mpaka mkono uwe unakwenda wenyewe. Kisha kila mtu aingie File, Options, Save, na kupunguza dakika za AutoRecover, yaani za programu kujihifadhia nakala yenyewe, kutoka 10 hadi 2, na kuhakikisha tiki ipo kwenye "Keep the last AutoRecovered version if I close without saving". UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ndogo ya 650 VA inampa mtu dakika chache za kusevu na kuzima, wala haikununuliwa kwa ajili ya kumalizia kazi. Printa ya leza isichomekwe kwenye UPS hiyo: sehemu yake ya kuchomea wino inavuta umeme mwingi kwa mkupuo, na UPS itazima kila kitu. Na faili lisifunguliwe moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Linakiliwe kwanza kwenye kompyuta, kwani umeme ukikatika wakati flashi inaandikwa, faili zima linaweza kuharibika.

Namna ya kufundisha

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, John Carroll na wenzake wa maabara ya IBM jimboni New York waliwaangalia watu wa ofisini wakijifunza programu za kuandikia. Waliona kwamba watu hawasomi mwongozo kwa mpangilio. Wanataka kufanya kazi yao mara moja, wanaruka kurasa, wanabonyeza, wanajikuta kwenye hali wasiyoielewa, na muda mwingi unaishia kwenye kujinasua. Carroll hakusema watu hao ni wavivu. Alisema mwongozo uandikwe kwa jinsi watu walivyo: ufupi, kazi halisi tangu ukurasa wa kwanza, na maelezo ya kutosha kuhusu kutambua kosa na kutoka humo. Mwaka 1984, yeye na Caroline Carrithers walionyesha pia kwamba programu ikizuiwa baadhi ya vitu vya hatari kwa mwanafunzi, kama baiskeli ya mtoto inavyowekewa vigurudumu vya pembeni, mwanafunzi anamaliza kazi haraka zaidi na anapoteza muda mchache kwenye makosa.

Hilo unaweza kulifanya leo kwa Excel bila gharama. Chagua seli za kujaza tu, Ctrl+1, Protection, ondoa tiki ya Locked. Kisha Review, Protect Sheet. Sasa mwanafunzi anaweza kujaza data na hawezi kufuta fomula. Usiweke nywila kwenye ulinzi huo: lengo ni kuzuia mkono ulioteleza, na siku mwenye nywila akihamishiwa Sengerema au Ukerewe, ofisi itabaki na jedwali lisilofunguka. Kwa mifumo mikubwa, kama ya hospitali au ya fedha, dai mazingira ya mazoezi, nakala yenye data za uongo ambamo mtu anaweza kuharibu. Kufundishia kwenye mfumo ulio hai ni kuwafundisha watu woga.

Darasa liwe la watu sita hadi wanane, wawili wawili kwa kompyuta moja, kwa muda wa saa mbili tu, asubuhi kabla foleni ya wateja haijajaa. Wawili kwa makusudi: mmoja anashika mausi, mwingine anasema la kufanya, halafu wanabadilishana. Wakizungumza ndipo unapojua walichoelewa vibaya. Rudi baada ya wiki moja kwa saa moja, na tena baada ya mwezi. Hermann Ebbinghaus alionyesha tangu 1885 kwamba tunasahau haraka mwanzoni na kwamba marudio yaliyoachanishwa yanadumisha. Semina ya siku tatu mfululizo inakwenda kinyume na hilo moja kwa moja. Na katika marudio hayo usianze kwa kueleza upya. Mpe mtu faili lenye makosa matano uliyoyapanda, umwache ayatafute.

Kuna kundi jipya ambalo mitaala ya zamani hailijui: vijana ambao kompyuta yao ya kwanza ilikuwa simu. Wana kasi, hawaogopi kubonyeza, lakini hawana picha ya folda. Kwao faili liko "ndani ya WhatsApp" au "ndani ya Excel". Zoezi lao ni fupi: sevu, funga programu, nenda mezani kwa mwenzako, rudi, litafute bila kufungua Excel.

Ujumbe wa kosa ukitokea, wazuie wasibofye OK. Wapige picha ya skrini kwa Windows+Shift+S na kuibandika kwenye hati moja ya ofisi, chini yake Kiswahili cha kawaida cha maana yake na cha kufanya. Baada ya miezi michache hati hiyo ina thamani kuliko mwongozo wowote wa kununua. Na asionekane mjinga anayekwama. Lucy Suchman, alipokuwa Xerox huko California miaka ya 1980, aliwarekodi watu wakihangaika na mashine ya kutoa nakala. Mmoja wa waliohangaika alikuwa Allen Newell, ambaye alikuwa amepata Tuzo ya Turing mwaka 1975. Mashine ilikuwa inaelewa hali moja na binadamu nyingine, wala hakuna aliyekuwa na njia ya kujua kwamba wamepishana.

Kuhusu nywila nitasema kidogo. Ofisi nyingi bado zinalazimisha zibadilishwe kila baada ya siku 30 au 90, na matokeo yake ni nywila ileile yenye tarakimu ya mwezi mwishoni, au karatasi chini ya kibodi. Anne Adams na Angela Sasse wa Uingereza walilieleza hili mwaka 1999: watu hukiuka kanuni kwa sababu kanuni zimegongana na kazi. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2017 uliacha kabisa ushauri wa kubadilisha kwa ratiba, ukabakiza kubadilisha pale kunapokuwa na dalili kwamba imevuja. Lililo baya zaidi kwetu ni makarani watatu kutumia akaunti moja. Fedha zikipotea, mfumo utaonyesha jina moja, na mwenye jina hilo atajitetea kwa lipi?

Waliochunguzwa ni akina nani

Makosa ya majedwali hayawapati makarani peke yao. Oktoba 2020, mamlaka ya afya ya Uingereza ilikosa kuhesabu kwa wakati visa 15,841 vya UVIKO-19, kwa sababu data zilipitishwa kwenye faili la Excel la mtindo wa zamani lenye ukomo wa mistari 65,536. Iliyozidi ilidondoka kimya kimya. Wanasayansi wa vinasaba nao: jina kama SEPT2 Excel huligeuza kuwa tarehe 2 Septemba. Uchunguzi wa mwaka 2016 ulikuta kasoro za aina hii kwenye karibu moja ya tano ya makala zilizoambatanisha orodha za vinasaba za Excel. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya vinasaba vya binadamu ilitangaza kwamba imeyabadilisha majina yenyewe, SEPT2 ikawa SEPTIN2. Yaani ilikuwa rahisi zaidi kubadilisha lugha ya sayansi kuliko programu. Mwanza ina vituo vya utafiti wa tiba na wa uvuvi, NIMR na TAFIRI, ina chuo cha afya pale Bugando. Popote utafiti unapofanyika, kuna mtu anayeingiza data kwenye majedwali, na somo la kolamu ya Text linamhusu kama linavyomhusu karani wa kata.

Lakini ona tofauti. Kinasaba kilichogeuka tarehe kiliandikiwa makala na kikafanyiwa uamuzi. Alama ya /=, saa za Kiswahili na namba yenye tarakimu 20 havikupata bahati hiyo. Mwaka 2021 Sebastian Linxen na wenzake walipitia tafiti za CHI, mkutano mkubwa kuliko yote wa utafiti wa binadamu na kompyuta, za mwaka 2016 hadi 2020. Asilimia 73 ya matokeo yalitokana na washiriki wa nchi za Magharibi, ambazo zina chini ya asilimia 12 ya watu wote duniani. Mtumiaji anayeelezwa kwenye vitabu vya fani hii ana kompyuta yake peke yake, umeme haukatiki, na siku yake inaanza usiku wa manane.

Juhudi za kuileta kompyuta kwetu zimekuwepo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Leo watafiti wa mtandao wa Masakhane wanajenga data na programu za lugha za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Naziheshimu kazi hizi sana. Ila naona kwamba kutafsiri menyu ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni mazoea ya kuandika: programu ijue kwamba 5,000/= ni fedha, na iulize "asubuhi au usiku?" inapoona 2:00 kwenye mahudhurio. Hayo ni maswali mazuri kwa mwanafunzi wa TEHAMA anayetafuta mada ya utafiti pale Nyegezi au popote, na data zake zipo kwenye ofisi za hapa mjini. Lingine: kompyuta moja inayotumiwa na watu wanne hupoteza nini? Na lingine: ofisi inayojaza daftari la karatasi na mfumo kwa pamoja, ni lini inaamini kipi?

Tunahitaji pia vipimo. Mwaka 1987 mchumi Robert Solow aliandika kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za uzalishaji. Na bado: Morten Hertzum na Kasper Hornbæk, watafiti wa Denmark, waliripoti mwaka 2023 kwamba watumiaji waliowachunguza walipoteza kati ya asilimia 11 na 20 ya muda wao wa kompyuta kwenye hitilafu na mikwamo. Fomu ya "umefurahia mafunzo?" inayojazwa mchana wa siku ya tatu haipimi hili. Hesabu makosa kwenye mafaili yale matatu kabla ya mafunzo, uyahesabu tena kwenye mafaili ya mwezi wa pili baada yake, kwa kutumia orodha ileile. Hapo mkurugenzi anapouliza fedha zimefanya nini, una jibu.

Siku hizi makarani wanaziomba programu za akili mnemba ziwaandikie fomula. Siwazuii. Kanuni mbili zinatosha kuanzia: fomula ijaribiwe kwanza kwenye mistari mitano ambayo jibu lake umelipiga kwa mkono, na orodha yenye majina na namba za watu isibandikwe humo kamwe. Eleza muundo wa kolamu, inatosha.

Hilo la pili linakwenda pamoja na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na linaanza na mkufunzi mwenyewe. Nakala ulizopewa na ofisi zisiwe ndizo za kufundishia. Badilisha majina, weka namba za NIDA za kubuni zenye tarakimu 20, ubakize makosa kama yalivyo, kisha futa nakala za asili. Na zoezi la mwisho la darasa liwe hili la steshenari, kwa sababu watu wanachapisha huko kila siku. Mtu afungue WhatsApp Web kwenye kompyuta isiyo yake, apakue faili la majaribio, alichape. Kisha atoke kwa Log out kwenye ukurasa wenyewe, na kwenye simu aangalie Linked devices kuhakikisha kompyuta ile haimo tena. Ctrl+J imwonyeshe faili limeshukia folda gani, alichague hapo na kulifuta kwa Shift+Delete, maana Delete peke yake inalipeleka Recycle Bin, na anayefuata kwenye kiti anaweza kulirudisha.